Kijana Mmoja wa Bulyaga

Sekela alichagua Jumatano kwa sababu Jumatano baba mkwe wake huenda Mpuguso kuangalia ng'ombe wake, na Mpuguso si karibu kwa mzee anayesimama kusalimia kila nyumba. Matembezi yote ya watalii aliyapanga kufuata safari hiyo. Wageni wangeshuka stendi asubuhi, wangetembea kutoka mtaa wa Bagamoyo mpaka mtaa wa Bulyaga wakisikiliza historia ya Siku ya Ngoma, sherehe ya mji huo, wangemalizia kwenye nyumba ya ngoma ambako Mzee Simon, mtunza ngoma, angewapigia ngoma kubwa, kisha wangekula na kuondoka. Jioni baba mkwe angerudi na kukuta mji umetulia.

Si kwamba walikuwa na ugomvi. Tangu aolewe, Sekela hakuwahi kugombana na Mzee Anyitike hata mara moja, kwa kuwa hakuwahi kuongea naye. Wanyakyusa wa zamani wanaiita ukutila: mkamwana hakutani na baba mkwe njiani, hamtazami usoni, na jina lake halitamki. Mjini Tukuyu wengi wameliacha jambo hilo, na siku hizi utaona mkamwana na baba mkwe wakipeana mikono mlangoni mwa kanisa. Nyumbani kwa Mzee Anyitike halijaachwa. Sekela naye hakuliona kuwa mzigo. Mzee alikuwa mwungwana: kabla ya kukata kona yoyote alikohoa kwa nguvu, ili mkamwana wake apate muda wa kupotea. Hivyo Sekela alikijua kikohozi cha baba mkwe kuliko alivyoijua sura yake.

Asubuhi hiyo wageni walikuwa sita, lakini wa kutazamwa alikuwa mmoja. Safina, mwanamke mwembamba wa kampuni moja ya utalii kutoka Mbeya, alikuwa amekuja kuonja. Akiridhika, kila Jumamosi angeleta watu Tukuyu. Asiporidhika, hakuna tena. Sekela alikuwa ametumia karibu mwaka mzima kuwauliza bibi wa mji huu habari za Siku ya Ngoma ya kwanza, na ili apate muda huo alimwachia wifi yake genge la nyanya. Wifi alikuwa amekwisha kulipaka genge rangi mpya na kuandika jina lake juu. Hakukuwa na pa kurudi.

"Sasa hapa ndipo Bagamoyo," Sekela aliwaambia wageni mbele ya maduka.

"Niliwaambia wana niko Bagamoyo," alisema Muddy, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja na simu mbili. "Wanataka niwaletee pweza."

"Waambie ni Bagamoyo ya Tukuyu. Tutawapa parachichi."

Kituo cha kwanza kilikuwa duka la Sauda, fundi cherehani. Marehemu baba yake, Zuber, naye fundi, ndiye aliyeanzisha kikundi cha matari cha Bagamoyo. Sauda aliwatolea wageni tari lenye ngozi iliyopauka, akawaacha waliguse kila mmoja. Sekela akaeleza taratibu. Miaka ya sabini mwanzoni mji huu ulikuwa na vikundi viwili visivyopendana. Wafanyabiashara wa Bagamoyo walikuwa na matari yao na kanzu zao. Wakulima wa Bulyaga walikuwa na ng'oma, mchezo wa ngoma wa Kinyakyusa: mashati meupe, soksi ndefu mpaka magotini, filimbi mdomoni. Kila kikundi kilijiona ndicho chenye haki ya kutangulia kwenda uwanjani siku ya sherehe.

"Mwambieni awahadithie ya darajani," alisema Sauda akirudi kwenye cherehani. "Huo ndio utamu wenyewe. Haya mengine ni nguo."

Safina aliandika kitu kwenye simu yake. Uso wake haukusema lolote.

Walikuwa wameteremka nusu ya njia ya kwenda darajani, migomba huku na huku na ukungu juu yake, ndipo Sekela aliposikia kikohozi. Kilitoka nyuma ya kona, na kilikuwa cha baba mkwe, kilichopaswa kuwa Mpuguso, lakini kilikuwa hapa.

Hakufikiri. Alivuta khanga kichwani, akaingia kwenye migomba na kuchuchumaa.

Wageni sita walimtazama akizama. Wakatazamana. Kisha, kwa kuwa aliyeingia ndiye kiongozi wa msafara, nao wakaingia.

Karibu na Sekela alichuchumaa Erasto, mpima ardhi mstaafu kutoka Dodoma, mtu mwenye kofia nzuri na maswali mengi.

"Binti," alinong'ona, "hiki ndicho kituo cha pili?"

"Hapana, baba. Tunajificha tu."

"Anajificha nani?"

"Mimi."

"Na sisi?"

"Nyie hamkuwa na haja ya kuingia."

"Basi, tumekwisha kuingia," alisema Erasto, akajikunja vizuri zaidi.

Nyayo zilikuja, zikasimama. Mzee Anyitike alikuwa anaitazama migomba, na migomba ilikuwa imevaa viatu vya rangi mbalimbali.

"Hamjambo humo ndani?" aliuliza.

"Hatujambo, shikamoo!" walijibu wageni kwa pamoja.

"Marahaba. Mnatafuta nini kwenye migomba ya watu?"

"Historia, mzee," alisema Muddy.

"Humo haimo," alisema mzee. "Ninayo mimi." Akaendelea na njia, na kila hatua ufunguo ukimlia mfukoni.

Sekela aliwaomba wageni wajipanguse majani, akasogea pembeni na kumpigia mume wake. Nelson alikuwa Uyole, juu ya lori la ndizi.

"Nelson, baba yako hajaenda Mpuguso."

"Aa! Nilisahau kukwambia. Mzee Simon ameteguka mguu jana. Amempa baba ufunguo wa nyumba ya ngoma."

"Kwa hiyo baba ndiye atakayepiga?"

"Amefurahi sana, mke wangu. Amevaa soksi."

"Nelson. Mimi nitasimama wapi?"

Upande wa pili honi ililia kwa muda mrefu. "Wewe si unaongea tu?" alisema Nelson. "Ongea kwa mbali."

Sekela aliirudisha simu kwenye mkoba. Suala la pa kusimama lilikuwa gumu, lakini kulikuwa na lililo gumu zaidi, ambalo hakumtajia Nelson. Hadithi ya darajani ilikuwa na mtu ndani yake. Sekela alikuwa akimwita kijana mmoja wa Bulyaga, kwa sababu jina lake hakuruhusiwa kulitamka, na hakuwahi kuwaza kwamba siku moja ataisimulia hadithi hiyo huku kijana mwenyewe, sasa akiwa na mvi, amesimama mahali anaposikia.

Angeweza kuiruka. Alimtazama Safina akipangusa tope kwenye goti kwa karatasi, uso uleule. Akakumbuka genge lililopakwa rangi. Akawaongoza wageni mpaka darajani.

Daraja la sasa ni la zege. "Zamani yalikuwa magogo mawili," alianza Sekela, "na juu yake mtu hapishani na mtu. Siku ile Bagamoyo walitoka huku, Bulyaga wakatoka kule, wakakutana katikati. Atakayerudi nyuma ndiye aliyeshindwa. Basi hakurudi mtu. Wakabaki wanapigiana, matari huku na ng'oma kule, mpaka mvua ikaja, na bado wanapiga."

"Muda gani?" aliuliza Erasto.

"Mpaka chakula kikaanza kuharibika. Maana nyuma ya kila kikundi kulikuwa na akina mama wamebeba vyakula kichwani. Bulyaga walikuja na mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama. Bagamoyo walikuja na pilau. Sasa akina mama wa Bagamoyo walichoka. Wakatua masufuria, wakafunua."

Ng'ambo ya daraja, nyuma ya ua wa matete, mtu alikohoa.

Sekela aligeuka haraka akaupa ua mgongo. Aliendelea, kwa sauti ya chini kidogo.

"Harufu ikapita juu ya maji. Na kijana mmoja wa Bulyaga, ambaye ndiye mpiga ngoma mkuu..."

Kikohozi.

"...akaiweka ngoma juu ya gogo..."

Vikohozi viwili.

"...akashuka, akavuka kwa miguu ndani ya mto, akaifuata pilau."

Kikohozi kilichofuata kilikuwa kirefu, na mwishoni kilipata maneno. "Kijana mwenye simu! We kijana! Njoo hapa!"

Muddy alivuka daraja mbio, akapotelea nyuma ya ua, akarudi anahema.

"Dada Sekela, mshua anasema hiyo ya pilau ni uzushi. Anasema alikwenda kuongea amani."

Wageni wote waligeuka kuutazama ua, kisha wakamtazama Sekela. Erasto alivua kofia. "Kumbe ni yeye?"

"Ni baba mkwe wangu," alisema Sekela. "Mwambie, tafadhali, Baba asinikasirikie. Nasimulia nilivyosimuliwa."

Muddy alikwenda, akarudi. "Anauliza kasimulia nani."

"Mwambie ni watu wazima."

Akaenda, akarudi, safari hii akitembea. "Anasema yeye ndiye mtu mzima. Halafu anasema tupande wote kwenye nyumba ya ngoma, maana hapa mnamchosha koo. Halafu, dada, jasho linanitoka, mje na mimi."

Nyumba ya ngoma ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma. Mlango wake unatazama bonde, na nyuma kuna dirisha dogo lisilo na kioo. Mzee Anyitike aliingia mlangoni. Sekela alizunguka kwa njia ya juu, akasimama nyuma, mgongo ukutani chini ya lile dirisha. Wageni walitafuta mahali, na mahali pazuri palikuwa ubavuni mwa nyumba, kati ya kona mbili. Ukichungulia kulia ulimwona Sekela na khanga yake. Ukichungulia kushoto ulimwona mzee mlangoni, shati jeupe, soksi magotini, ngoma kubwa mbele yake. Wakasimama hapo, shingo zikienda huku na huku kama za watu wanaotazama mpira wa meza. Mvua nyepesi ilianza, na hakuna aliyeijali.

"Sikilizeni, wageni," ilisema sauti ya mzee ndani ya nyumba, "mtu hawezi kwenda kwa watu kuongea amani halafu akakataa chakula chao. Hiyo si tabia."

Hakukuwa na haja ya Muddy, maana dirisha lilileta kila neno. Lakini Muddy alikuwa amekwisha kuizoea kazi yake.

"Dada, anasema si tabia."

"Muulizeni Baba," alisema Sekela akiutazama mparachichi ulio mbele yake, "wakati anakwenda kuongea amani, aliaga nani?"

Muddy alichungulia mlangoni.

"Mzee, anauliza uliaga nani."

"Nimesikia! Muda wa kuaga haukuwepo."

Erasto alicheka, akajifanya anapiga chafya. Sekela alitamani kumtazama Safina ili ajue mambo yanakwendaje, lakini Safina alikuwa amesimama upande wa mlango. Alichoona ni kiwiko chake tu. Kiwiko hakikuwa kinaandika.

Mambo yameharibika, aliwaza. Mtu amesafiri kutoka Mbeya, amewekwa kwenye migomba ya watu, na sasa amesimama kwenye mvua anasikiliza ugomvi wa familia.

"Na jambo lingine," iliendelea sauti ya mzee, na safari hii ilikuwa imeshuka. "Nimepiga ngoma hii tangu sina ndevu. Nusu ya wapigaji wa mji huu nimewafundisha mimi. Leo wageni wanaletwa kutoka mbali, wanaambiwa habari zangu, na mimi naitwaje? Kijana mmoja. Hata mbuzi wa jirani ana jina."

Sekela hakuwa amelifikiria hilo. Kutolitamka jina la mzee kulikuwa namna yake ya kumheshimu, na kwa kulihifadhi kinywani mwake muda wote huu alikuwa amelitoa kwenye historia. Zuber alikuwa na jina katika hadithi. Mto ulikuwa na jina. Hata mwenye sufuria la pilau alikuwa na jina.

"Wageni wangu," alisema kwa sauti ya kufika dirishani, "naomba nirudie hadithi. Mimi nikifika kwenye jina, nitanyamaza. Sitalisema. Mwenye jina akipenda, atalisema mwenyewe."

Sekela akaanza upya: magogo mawili, mvua, matari huku na ng'oma kule, vyakula vichwani mwa akina mama. "Na mbele ya watu wa Bulyaga alisimama mpiga ngoma mkuu, kijana aliyeitwa..."

Akanyamaza. Tone la maji lilianguka kutoka kwenye bati.

"Anyitike!" ilipiga kelele sauti ndani ya nyumba, na ngoma ikalia mara moja, nzito, mpaka vumbi likadondoka dirishani juu ya khanga ya Sekela.

Wageni walipiga makofi. Muddy aliacha kupiga picha ili apige makofi.

"Huyo kijana," alisema Sekela, naye sasa akijizuia asicheke, "alikuwa na mikono ambayo mji mzima uliijua. Alikuwa nani?"

"Anyitike!" Ngoma.

"Na alipofika darajani hakurudi nyuma. Nani hakurudi nyuma?"

"Anyitike wa Bulyaga!" Ngoma mara tatu, na juu yake filimbi.

Sekela akavuta pumzi. Angeweza kuiacha hapo. Wageni wamefurahi, mzee amefurahi. Lakini hadithi ilikuwa ni hadithi, na Siku ya Ngoma yenyewe mpaka leo husimama katikati ya njia ili watu wote wale pilau, na mgeni yeyote mwenye akili angeuliza kwa nini.

"Kisha masufuria yakafunuliwa," alisema. "Na yeye akashuka mtoni."

Hakuna ngoma, hakuna kikohozi. Wageni waliokuwa kushoto walisema baadaye kwamba mzee alikuwa anaitazama ngozi ya ngoma kama mtu anayetafuta tundu.

Wakati huo akaja Esnath, mke wa mzee, akipanda kutoka nyumbani na sufuria la mbalaga kichwani kwa ajili ya chakula cha wageni. Alisimama hapo ubavuni, akaona watu sita wamelowa, akamwona mumewe upande mmoja na mkamwana upande mwingine, akaelewa wamefika wapi katika hadithi.

"Ni mimi niliyemsimulia," alisema kuelekea mlangoni, bila kutua sufuria. "Nilikuwepo, nimebeba chakula kichwani hivihivi. Ulikula sahani mbili."

"Esnath!"

"Mbili, gwe. Nilihesabu kwa sababu mbalaga yangu ilikuwa inapoa."

"Moja na nusu!" alisema Mzee Anyitike. "Hiyo ya pili nilikula na Zuber!"

Esnath alitua sufuria.

"Na Zuber gani?" aliuliza.

"Zuber fundi. Naye alikuwa amechoka kusimama na tari. Alikuja nyuma yangu. Akaona nimeshika sahani, akakaa, akanyoosha mkono. Hatukusemezana. Tukala. Kilipokwisha akaniambia, sasa nani anatangulia? Nikamwambia, mimi sijui, shati langu limejaa mafuta. Akasema, basi twende pamoja, wakicheka watucheke wote wawili. Tukarudi. Mimi nikabeba tari lake, yeye akabeba ngoma yangu. Ndivyo tulivyoingia uwanjani."

Sekela alikuwa amezunguka kwa bibi wote wa Bulyaga na Bagamoyo, na hakuna aliyemwambia hilo. Akina mama walijua nani ameshuka mtoni na amekula kiasi gani. Kwa nini vikundi viwili viliingia uwanjani vikiwa kimoja, kila bibi alisema ni mvua. Mtu pekee aliyekuwa akijua alikaa nyumba ya pili kutoka kwake, na ni yeye pekee ambaye hakuweza kumwuliza.

"Mwambieni Baba," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo."

Muddy akageuka kulipeleka, kisha akagundua mzee amekwisha kulisikia, maana alikuwa anapiga ngoma tena, polepole, si kwa ajili ya wageni.

Safina alitoka kwenye kona akaja upande wa juu. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na kwenye goti tope lilikuwa limekauka.

"Sikuandika kitu tangu darajani," alisema.

"Niliona," alisema Sekela. "Samahani sana, dada. Leo alipaswa kuwa Mpuguso."

"Mpuguso aende siku nyingine. Mimi Jumamosi naleta watu kumi na wawili, na kila Jumamosi baada ya hapo, kama yeye atakuwepo. Bila yeye, sileti."

Sekela aliinua uso kuelekea dirishani. "Muulizeni Baba kama Jumamosi ana nafasi."

"Jumamosi nipo," ilisema sauti. "Yeye apite njia ya juu, mimi ya chini. Na pilau iwe sahani moja na nusu, isizidi."

"Mwambieni Baba nimekubali, lakini ile ya kujificha kwenye migomba nitaiacha ilivyo. Wageni wameipenda."

"Hiyo ya migomba mimi simo. Aseme anavyotaka."

Safina aliwatazama: mwanamke chini ya dirisha, na ndani ya dirisha kivuli cha shati jeupe, baina yao hatua moja na tofali moja.

"Lakini si ingekuwa rahisi," alisema kwa upole, "kama Jumamosi mngekaa tu pamoja hapo mlangoni, mkasimulia wote wawili?"

"Hata kidogo!" walisema Sekela na Mzee Anyitike kwa pamoja.

Wakashtuka wote wawili, kila mmoja upande wake, kwa maana lilikuwa neno la kwanza walilowahi kulisema kwa pamoja.

Esnath alikuwa amekwisha kupakua. Alimpa Muddy sahani mbili. "Hii mpelekee mlangoni," alisema, "na hii mpe mkamwana wangu. Na upite mbele ya watu, usizipitishe dirishani."